Njia za baiskeli kuzunguka Wete kwa tairi nyembamba: ipi tuanze nayo, ipi tuiache?

Mwanakwerekwe28

Assalamu alaikum wanajamvi. Mwisho wa Juni tunavuka kuja Pemba, watu watatu, siku nne kamili, na makaazi yetu yatakuwa Wete mjini. Baiskeli ni za mbio: rimu 700C (saizi ya magurudumu ya mbio), tairi za milimita 28, breki za rimu, gia ndogo ya mbele ina meno 34 na kubwa ya nyuma ina meno 28. Miguu imezoea Unguja, yaani Mjini mpaka Nungwi na Mjini mpaka Makunduchi, barabara ambazo kilima unakitafuta kwa tochi.

Tunataka njia za kupendeza macho, zenye lami, kati ya kilomita 30 na 70 kwa siku, tuwe tumerudi Wete kabla ya Magharibi. Msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi tumeshaviweka kwenye mpango. Je, tairi hizi zitafika? Na kati ya barabara mbili za Wete na Chake Chake, ya zamani na mpya, ipi ya kwendea na ipi ya kurudia? Vipuri gani tusivitegemee kuvipata huko? Shukrani kwa kila atakayejibu.

Jadida

Waalaikumu salaam, karibuni sana.

Kwanza hesabu za Unguja ziacheni bandarini. Upande wetu wa magharibi ni vilima na mabonde mfululizo. Kilima kirefu hakipo, kwani kisiwa chote hakifiki mita 150 juu ya bahari, ila hivyo vifupi ni vikali na havina huruma: unashuka, unakata bonde la mpunga, kona, unapanda tena kabla pumzi haijarudi. Anayepanga siku yake kwa kilomita tu huku atajikuta adhuhuri bado yuko njiani. Pangeni kwa saa. Kwa mwendo wa kutazama nchi, wastani wa kilomita 15 hadi 17 kwa saa ni mzuri, pamoja na kusimama kunywa dafu.

Siku ya kwanza nendeni Gando. Ni kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, lami yote, na magari ni machache kuliko njia nyengine yoyote inayotoka mjini. Barabara inafuata mgongo wa ardhi ukielekea kaskazini-magharibi, mikarafuu na minazi huku na huku, na kila palipo wazi upande wa kushoto unaona mikoko, hori za bahari, kisha kisiwa cha Fundo kimelala mbele. Tokeni saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa limepungua ukali. Mwisho wa Juni jua huku huchwa kama saa kumi na mbili na dakika 20, kwa hiyo hakikisheni saa kumi na moja na robo mmeshageuza. Njia hii inawapa pia nafasi ya kuzijaribu gia zenu kabla ya siku ngumu: mkiona katika vilima vya Gando mnasimama juu ya pedali kila mara, basi meno 28 ya nyuma hayatoshi, jueni mapema.

Siku ya pili, Konde na Tumbe. Wete mpaka Konde ni kilomita 15, kisha mnaingia mkono wa kulia, mashariki, na Tumbe haifiki hata nusu saa. Fikeni Tumbe mapema, kabla ya saa tatu, mkute samaki wanashushwa na kunadiwa ufukweni. Hapo baiskeli mzisukume, msizipande: chini ni mchanga, maji ya chumvi na miguu ya watu wenye haraka ya kazi. Na kamera ombeni ruhusa. Jirani na Tumbe kuna magofu ya Chwaka, msikiti na makaburi, mojawapo likiwa la Haruni ambaye masimulizi yanamtaja kuwa mtoto wa Mkama Ndume, yule mtawala wa kale mwenye ngome ya Pujini. Yako ndani ya mashamba, unaingia kwa miguu. Msikate njia juu ya matuta ya muhogo ya watu.

Hapa sasa litazameni suala la upepo, maana ndilo linalowaumiza wageni. Juni ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Kutoka Wete kwenda Konde mnaelekea kaskazini na mashariki, mtasukumwa mgongoni mjione mabingwa. Kurudi ndiko kwenye kazi. Kusi asubuhi huwa dogo, linapanda kadiri jua linavyopanda. Anayeondoka Wete saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza, na kugeuza Tumbe saa tatu na nusu, anakuwa nyumbani kabla halijashika. Anayeendelea Micheweni kisha akageuza saa sita, huyo atapigana nalo njia nzima.

Nikitaja Micheweni: ni nchi nyengine kabisa. Kijani kinapungua, mawe ya matumbawe yanatokeza juu, vilima vinaisha, kivuli hakuna. Wengine hawaipendi. Kwa macho yangu ule ukavu baada ya mikarafuu ndio unaoifanya safari iwe na sura mbili, ila chukueni maji ya kutosha kuanzia Konde, lita moja na nusu kila mtu juu ya mliyoanza nayo.

Siku ya tatu au ya nne fanyeni mzunguko wa Chake. Nitarudi kuueleza, sasa hivi naitwa.

Mzee wa Konde

Ndugu muulizaji, Ngezi na tairi ya 28 mnalazimisha ndoa. Kufika Konde ni lami. Kuanzia hapo kuelekea msituni na Makangale hesabuni kukuta kifusi, vumbi na mchanga. Tawi la kwenda Vumawimbi ni mchanga mtupu kadiri unavyoukaribia ufukwe. Tairi nyembamba inazama, usukani unakata upande, na mwenye viatu vya kubana kwenye pedali anaanguka kabla hajachomoa mguu.

Ukweli ni kwamba msitu wenyewe haufai kupitwa mbio. Pale kuna mivule, kuna mpapindi, mti jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba, kuna bundi mdogo wa Pemba anayesikika usiku kuliko kuonekana, na popo wakubwa. Fanyeni hivi: njooni Konde kwa baiskeli zenu, ziacheni kwa mtu mnayemwamini, kisha ingieni kwa gari au kwa baiskeli za kukodi zenye tairi za inchi 26 pana. Lipeni getini, chukueni risiti, mchukue na mtembezaji wa msitu. Mkitaka kwenda mpaka mnara wa taa wa Ras Kigomasha, hiyo ni siku nzima peke yake. Kutoka Wete ni kama kilomita 30 kwenda tu, na nusu yake ya pili ndiyo hiyo nimeieleza.

Mkishikilia kwenda nazo hizo hizo, tieni tairi za 32 au 35 kama fremu inazimeza. Fundi atasema zaidi.

Fundi Chini ya Mwembe

Nimeitwa. Nianze na gia, maana hilo mnalitengeneza huko huko Unguja, si hapa.

Meno 34 mbele na 28 nyuma, gurudumu la 700C lenye tairi ya 28, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2.6. Ukipiga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 9 na zaidi kidogo kwa saa. Kwenye kilima kikali cha Pemba mtu wa kawaida hamudu kasi hiyo, anaanza kukanyaga polepole kwa nguvu, na magoti ndiyo yanayolipa. Ukitia 32 nyuma, mzunguko mmoja unakuwa kama mita 2.3, tafauti unaihisi mara moja. Lakini msibadilishe gia za nyuma peke yake mkadhani mmemaliza. Deraila, yaani kile kifaa kinachohamisha mnyororo kwenye gia, ikiwa na mkono mfupi mara nyingi inakomea meno 28 au 30. Angalieni uwezo wake kwanza. Na mnyororo huenda ukataka kuongezwa kiungo, kwani ukiwa mfupi, siku utakapotia kubwa na kubwa, utaing'oa deraila na sikio lake, kile kipande kinachoishika kwenye fremu. Jaribuni Unguja, juu ya stendi, gia zote.

Sasa tyubu. Hili wengi hawalijui. Maduka ya Wete na Chake yana tyubu za baiskeli zinazotumika hapa: inchi 28 kwa moja na nusu, zile za baiskeli kubwa za mizigo, na inchi 26 za baiskeli za milima. Hizo za 28 jina lisiwadanganye, si sawa na 700C yenu. Rimu yake ni kubwa kidogo na tairi yake ni pana, kwa hiyo ndani ya tairi yenu itajikunja. Tena kabla hata ya kufika kwenye kujikunja, valvu yake ni nene, na tundu la rimu ya mbio limetobolewa kwa valvu nyembamba. Haipiti. Atatokea mtu mwenye drili na nia njema atake kulipanua tundu. Mkatalieni, rimu nyembamba ikitobolewa hapo inaanza kupasuka. Chukueni tyubu mbili kila mtu, na viraka kumi na solusheni mpya kwa wote watatu. Solusheni iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka ndani ya tyubu yake hata kama inaonekana imejaa.

Adapta ya shaba, ile ndogo inayogeuza valvu nyembamba kuwa ya gari, chukueni tatu. Ni kitu kidogo kama kifungo cha kanzu, na ukiwa nacho kila mwenye mashine ya upepo wa magari na vespa anakuwa msaada wako. Ila asijaze yeye kwa mazoea. Mashine ile inajaza kwa sekunde mbili, tairi nyembamba inaruka rimu. Mwambieni aguse na kuachia, aguse na kuachia.

Upepo wa tairi: mtu wa kilo 70, tairi ya 28, pauni (psi) 65 mbele na 72 nyuma zinatosha. Najua mnapenda 100. Kwenye lami yenye kokoto zilizolegea, 100 inakurusha, haishiki kwenye kona, na kila ukingo wa shimo unaupiga moja kwa moja kwenye rimu. Mkishuka chini ya 60 kwa uzito huo, basi shimo moja linabana tyubu kati ya ukingo na rimu, unapata matundu mawili kama kauma nyoka.

Pancha za huku miba inachangia kidogo tu. Nyingi ni vijiwe vya matumbawe upande wa Micheweni, ambavyo vina ncha na hukata ubavu wa tairi pale usipokuwa na mpira mnene. Ubavu ukichanika, kiraka cha tyubu hakisaidii, tyubu itatokeza na kupasuka tena baada ya dakika tano. Unatia kipande ndani ya tairi, baina yake na tyubu: ubavu wa tairi kuukuu uliokatwa sentimita 4 kwa 6, au kipande cha tyubu ya dawa ya meno iliyooshwa. Kikateni mapema, kikae mfukoni. Kisha pauni zishuke mpaka 55 na mrudi nyumbani taratibu.

Breki za rimu na udongo mwekundu. Mvua ndogo za Juni zinateremsha tope kutoka njia za mashambani mpaka kwenye lami. Linajipaka kwenye rimu, likichanganyika na mchanga linakuwa msasa. Ukisikia breki inakwaruza, simama, mwagia maji rimu na viatu vya breki, kisha tazama usoni mwa kiatu uchomoe kijiwe au kipande cha bati kwa ncha ya kisu. Usipofanya hivyo unakula rimu ya bei kwa ajili ya kijiwe cha bure. Viatu vya akiba jozi moja kila mtu.

Spoku: mbili za urefu wa gurudumu la nyuma, zimefungwa kwa utepe wa gundi kwenye fremu. Za dukani urefu wake ni wa magurudumu ya hapa. Ikikatika moja, isokoteni kwenye jirani yake isipige, legezeni breki ili rimu inayoyumba ipite, mkaendelee.

Mkitoka Tumbe au popote penye bahari, jioni osheni mnyororo kwa maji yasiyo na chumvi, mfute kwa kitambaa, tone moja la mafuta kila kiungo, mfute tena. Mafuta ya taa msiyaache juu ya mnyororo usiku kucha mkidhani yanalainisha, yanaondoa hata yale mazuri yaliyomo ndani.

Mwanakwerekwe28

Ahsante sana, ami Fundi, na nyote. Ngezi tumekubali, tutaingia kwa gari kutoka Konde. Gia tunabadilisha.

Mawili yamebaki. Mmoja wetu ni mwanamke, anavaa hijabu, angependa kujua mavazi yatakayomfaa vijijini bila kunaswa na mnyororo. Na Mtambwe Mkuu tumeiona kwenye ramani, iko karibu sana na Wete. Inafikika kwa baiskeli katika ule mzunguko wa Chake?

Bi Limbani

Dada avae suruali pana ya kitambaa chepesi, si ya kubana, na juu yake kanzu fupi inayofika gotini, iliyopasuliwa pande zote mbili ili goti lipande bila kuvuta nguo. Dira na baibui la kawaida aviache chumbani. Upepo wa kusi unaviingiza kwenye gurudumu la nyuma, na nguo ikishanaswa baina ya mnyororo na gia haitoki mpaka baiskeli isimame. Mguu wa kulia, upande wa mnyororo, aufunge suruali kwa mkanda wa mpira mara mbili: mara moja juu ya kifundo, mara moja kidole nne juu yake. Mmoja peke yake hupanda taratibu mpaka suruali inachomoka.

Hijabu iwe ya kitambaa kinachovutika, ya kuvaa kichwani bila mikunjo mingi. Pini iwe shingoni, isiwe chini ya helmeti, maana pini chini ya helmeti ni jeraha. Helmeti aijaribu akiwa ameshavaa hijabu, aregeze mkanda wa nyuma kidogo, kisha aukaze wa kidevu mpaka vidole viwili tu vipite.

Na wanaume nao wasikilize. Zile kaptula za kubana za mbio, juu yake tieni kaptula pana inayovuka goti. Mtapita mbele ya madrasa na misikiti, mtakaa kwenye mabaraza ya watu. Hakuna atakayewafukuza, lakini salamu zitaitikiwa kwa moyo zaidi, na mkihitaji maji mtapewa kabla ya kuomba. Salamu toeni nyinyi kwanza. Mwenye kupita ndiye anayemsalimu aliyekaa.

Siku ya Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu mchana, maduka mengi yatafungwa na barabara mbele ya misikiti itajaa. Siku hiyo tokeni alfajiri mmalize mapema. Siku za skuli nazo zina wakati wake: mchana mkondo mmoja wa wanafunzi unatoka na mwengine unaingia, kati ya saa sita na saa saba, watoto wanatembea kwa makundi mpaka katikati ya njia. Kengele haitoshi, punguzeni mwendo. Matuta ya barabarani yako karibu na skuli hizo hizo, na mengine rangi imeshafutika, tena yako mwisho wa mteremko.

Maji ya chumvi na sukari tengenezeni wenyewe, msinunue vidonge vya bei: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukiyakamulia ndimu yanashuka vizuri zaidi. Chumvi isizidi hapo.

Jadida

Nimerudi kwa ajili ya mzunguko.

Nendeni Chake kwa barabara ya zamani, rudini kwa mpya. Sababu ni mbili. Ya zamani ndiyo yenye vilima vingi, kona nyingi, na ni nyembamba. Inatakiwa ipandwe na miguu mibichi. Pili, kwenda Chake ni kuelekea kusini, uso kwa uso na kusi. Asubuhi upepo bado umelala na miti imewakinga. Mkirudi adhuhuri kwa barabara mpya, ambayo ni pana na iko wazi zaidi, upepo umeshaamka na unawasukuma. Wanaofanya kinyume wanapata mteremko wa raha asubuhi, kisha wanakutana na vilima na jua kwa pamoja. Mzunguko mzima ni karibu kilomita 60. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu, mfike Chake kwenye saa tatu, mle, mpumzike mpaka jua liwakubalie.

Uzuri wa barabara ya zamani ni kwamba kila kilele kina mandhari yake: bonde la mpunga chini, mikarafuu imepanda ubavuni, nyumba za udongo zimezungukwa na migomba, na mara moja moja bahari inachungulia upande wa magharibi. Simameni vileleni, msisimame kwenye kona. Gari za abiria za njia hii madereva wake wanaijua kwa moyo na hawatarajii mtu amesimama nyuma ya kona. Kaeni kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake, mita tano baina yenu. Kokoto zilizolegea kwenye kona ni adui mkubwa kuliko shimo: breki pigeni kabla ya kona, mkiwa wima, ndani ya kona msiguse kitu. Jioni ya kabla ya safari pitieni kituo cha magari Wete muwaulize madereva wa Chake kuna kipande gani kimechimbwa au kimefumuliwa. Wao wamepita humo siku hiyo hiyo.

Karafuu kubwa huanza Julai, lakini mapema yake mnaweza kuikuta. Majamvi ya karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, yanaanikwa mpaka ukingoni mwa lami. Usikanyage, hata kwa tairi moja. Ile ni pesa ya mtu. Pitia upande wa nje baada ya kutazama nyuma.

Aliyebakiwa na nguvu Chake anaweza kuongeza Pujini, kusini-mashariki ya mji kama kilomita 10, kwenye ngome ya karne ya 15 ya Mkama Ndume. Ila basi itawafikisha karibu kilomita 80 kwa siku, katika vilima. Kwa gia zenu mimi singeshauri. Bora siku hiyo mtazame popo wa Kidike, upande wa Mjini Ole, wakati wa kurudi: mnaiacha lami na kuingia njia ya udongo, kama imenyesha usiku mnatembea kwa miguu na kuzisukuma. Popo wanalala mchana wakiwa wananing'inia juu ya miti, kwa hiyo saa nane mchana ni saa nzuri tu. Msipige makofi ili waruke. Wapo watembezaji wanaolifanya hilo kumfurahisha mgeni, waambieni hamtaki.

Mtambwe Mkuu. Kwa macho iko karibu na Wete kwa sababu baina yake kuna hori tu, kwa barabara ni mbali na mwisho wake si wa tairi nyembamba. Inachepuka magharibi ya barabara ya zamani, inaingia vijijini, na mwishoni kabisa unavuka kwa miguu wakati maji yamekupwa. Kwa hiyo ichukulieni ni safari yake peke yake, msiichanganye na Chake. Hesabu ya maji ni hii: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Vukeni saa moja kabla ya hapo, rudini kabla saa moja na nusu haijapita baada ya hapo. Siku za maji mafu msijaribu, hayatoki ya kutosha. Baiskeli ziacheni kijijini, mkajitambulishe kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo. Kilichobaki juu ni kidogo kwa asiyejua anachokitazama, lakini hapo mwaka 1984 ziligunduliwa sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu, kwa hiyo kuokota au kuchimba chochote ni mwiko na ni kosa kisheria.

Mkiona siku hazitoshi, katika hizi mbili chagueni mzunguko wa Chake.

Konda wa Zamani

Hamjasema mtafikaje Wete. Boti ikiwashusha Mkoani, kutoka hapo mpaka Chake ni kama kilomita 30 na Chake mpaka Wete karibu nyengine kama hizo. Baada ya usiku wa boti na mabegi mgongoni, msipande. Tieni baiskeli juu ya kariya ya gari ya abiria mpaka Chake, na hapo mbadilishe gari ya Wete.

Bei ikubaliane kabla baiskeli haijanyanyuliwa, kwa baiskeli na kwa mtu mbali mbali. Ikishapanda juu huna tena sauti. Chomoeni gurudumu la mbele, mlifunge kwenye fremu kwa mpira wa tyubu kuukuu, uma wa mbele mtieni kipande cha mti katikati usibanwe. Baiskeli ilazwe upande wa deraila ukiwa juu, na iwe ya mwisho kupakiwa, si ya mwanzo, kwani juu yake yatakuja magunia. Mnyororo uwe kwenye gia kubwa ya mbele ili meno yasikate mzigo wa mtu. Mmoja wenu apande juu mwenyewe ashuhudie kufungwa, na kila gari ikisimama kushusha mzigo, ateremke atazame.

Fundi Chini ya Mwembe

Sahihi kabisa, na mkifika Wete kabla ya kupanda popote, simama nyuma ya kila baiskeli utazame sikio la deraila kama limenyooka sambamba na gia. Likipinda hata kidogo, gia kubwa kabisa ya nyuma itairusha deraila ndani ya spoku kwenye kilima cha kwanza. Kila baiskeli ina sikio la umbo lake, hilo hamtalipata kisiwani. Njooni na la akiba, moja kwa kila fremu, na ufunguo wake wa pembe sita.